Kuhakiki si kuthibitisha

Juzi mwenzangu mmoja alinitumia habari za Anandibai Joshi, "daktari mwanamke wa kwanza wa India", na mwishoni akaandika: "Nimehakiki." Nikamuuliza amehakiki vipi. Akanijibu kwamba ameikuta sentensi hiyo hiyo sehemu saba.

Kuhakiki ni kuipekua habari mpaka ukweli wake ujulikane. Maana yenyewe haina urefu. Kinachoniuma ni kuona neno hili likiwekwa mahali pa kuthibitisha, tena na watu wa kalamu.

Yote mawili asili yake ni Kiarabu. Thibitisha ni ndugu wa thabiti, yaani kilichosimama imara. Anayethibitisha jambo analo tayari mkononi, analikaza tu. Hakiki ni wa ukoo wa haki na hakika. Anayehakiki bado hajui, na anaweza kurudi na jibu la "sivyo", au "nusu yake ni kweli". Ndiyo maana anayechambua riwaya tunamwita mhakiki, hatukumtuma akaisifu. Kuna na neno la tatu, shahada, lenye shina moja na shahidi na ushahidi: chuo kinamshuhudia mtu kwamba amefuzu. Basi ukihakiki habari ya daktari wa zamani, ulizia kwanza shahada yake: ipi, wapi, lini.

Chukua ile picha maarufu ya Oktoba 1885. Wanawake watatu wamekaa na mavazi ya kwao: Anandibai wa India, Kei Okami wa Japani, Sabat Islambouli wa Syria. Maandishi yaliyo chini yake yanamwita kila mmoja Dkt. Lakini siku hiyo wote walikuwa bado wanafunzi wa chuo cha udaktari cha wanawake Pennsylvania, Marekani. Anandibai alihitimu Machi 1886, Okami 1889. Picha ni ya kweli, ila haiwezi kumshuhudia mtu shahada ambayo hajaipata.

Sasa hilo "wa kwanza". Wa kwanza katika nini? Mwaka huo huo wa 1886, Mhindi mwingine, Kadambini Ganguly, alimaliza Calcutta Medical College, humo humo India. Somo moja lilimwangusha, akakosa MB, yaani shahada kamili ya udaktari, akapewa GBMC, cheti cha mhitimu wa chuo hicho. Na hiyo GBMC ilimruhusu kutibu. Baadaye, mwaka 1893, akaenda Uingereza kuongeza vyeti. Ukisema yeye ndiye mwanamke wa kwanza kusomea udaktari ndani ya India, mji wa Madras, India, unakukatalia: chuo cha udaktari cha huko kilipokea wanawake tangu 1875, akiwemo Mwingereza Mary Scharlieb. Rukhmabai naye, Mhindi aliyefuzu London mwaka 1894 na kufanya kazi miaka mingi katika miji ya Surat na Rajkot, India, huitwa wa kwanza kutibu, ilhali Kadambini alikuwa na wagonjwa wake kabla ya hapo.

Penye kuniumiza zaidi ni Kolhapur, mji wa India. Ile habari ya mwenzangu ilisema Anandibai "alihudumia wanawake katika hospitali ya Kolhapur". Ni kweli aliteuliwa kuongoza wodi ya wanawake ya Albert Edward Hospital. Lakini alirudi nyumbani mwishoni mwa 1886 akiwa taabani kwa kifua kikuu, akafariki Pune tarehe 26 Februari 1887, hajatimiza miaka 22. Kuteuliwa kumeandikwa kama kuhudumu, na binti wa watu akapewa wagonjwa ambao hakujaaliwa kuwafikia.

Kwa hiyo, ndugu yangu, zile sehemu saba huenda zilinakiliana, na ulichofanya ni kuhesabu. Andika tu kwamba Anandibai ni miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Kihindi kupata shahada ya udaktari wa Kimagharibi, Pennsylvania, 1886. Sentensi ya Kolhapur ianze na "aliteuliwa". Na ile "nimehakiki" iache ibaki, maana sasa umehakiki kweli.