Je, wajua? Ndege wa Mida hujuaje kwamba theluji inakaribia kuyeyuka Siberia?

Ukishuka Mida Creek, hori lililo karibu na Watamu kwenye pwani ya Kenya, mwezi wa Januari, utakuta vitwitwi mamia kwa mamia wakidonoa topeni. Wote ni wa kijivu na tumbo jeupe, wanafanana mpaka mgeni anakata tamaa. Nenda tena katikati ya Aprili. Tope ni lile lile na mikoko ni ile ile, lakini wengi wao sasa wana vifua vya rangi ya tofali, na wengine wamekuwa weusi kuanzia usoni mpaka tumboni. Ukija mwishoni mwa Mei, wengi hawapo. Wamekwenda kutaga kaskazini ya mbali, baadhi yao hadi rasi ya Taimyr huko Siberia, zaidi ya kilomita 9,000 hata ukipima kwa mstari ulionyooka.

Kule majira ya kuchipua huanza mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni, na kiangazi chake hakidumu. Ndege akiwahi mno atakuta ardhi imeganda na hakuna mdudu wa kula. Akichelewa, makinda wataanguliwa wadudu wakiwa wamekwisha pungua. Hana budi kufika kwa wakati. Sasa yuko Mida, jua linamchoma, mvua ya masika inamnyeshea. Nani kamwambia kwamba wakati wa kuondoka umekaribia?

Kwa ndege anayeishi Ulaya jibu lingekuwa jepesi. London, mchana wa mwishoni mwa Desemba ni wa saa 8 hivi, na wa mwishoni mwa Juni unapita saa 16. Ndege huupima mwanga huo si kwa macho tu, bali pia kwa chembe zilizo ndani kabisa ya ubongo, ambazo mwanga huzifikia kupitia mfupa wa fuvu. Mchana ukirefuka, homoni huamka, na mengine yote hufuata. Mida iko nyuzi 3 na kitu kusini mwa ikweta. Hapa tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na ule mfupi kuliko yote haifiki nusu saa. Kweli, kuna ndege wa nchi za joto wanaoweza kuhisi tofauti ndogo namna hiyo: utafiti uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kuwa ndege mmoja wa msituni huko Panama huitikia mchana ukirefuka kwa dakika 17 tu. Lakini mwishoni mwa Machi, wakati mchana wa Mida unazidi kufupika, vitwitwi ndio kwanza wanazidi kuwa wekundu. Wangekuwa wanaufuata mchana wa Mida peke yake, wangedhani msimu unakwisha.

Wanachofuata ni saa iliyomo mwilini mwao, inayohesabu mwaka mzima badala ya siku. Mwanasayansi wa Kijerumani Eberhard Gwinner aliionyesha miaka ya 1960. Alichukua ndege wadogo wa jamii ya Phylloscopus trochilus, hawa wa kijani-manjano ambao kila mwaka huja kwetu kutoka Ulaya na Urusi, akawaweka katika vizimba ndani ya chumba ambamo taa iliwaka saa 12 na kuzimwa saa 12 siku zote. Hapakuwa na kiangazi wala baridi, wala dalili yoyote kutoka nje. Hata hivyo ndege walibadilisha manyoya msimu ulipofika, wakanenepa, na usiku wakawa hawatulii, wanarukaruka kizimbani kana kwamba msafara unawaacha. Baadaye alifanya majaribio kama hayo kwa ndege wengine, wakiwemo wa kwetu Afrika Mashariki, na saa hiyo iliendelea kuzunguka kwa miaka.

Jambo moja katika majaribio hayo ndilo linalonivutia zaidi: saa hiyo haikuwa ya miezi 12 kamili. Mara nyingi ilikimbia, mwaka wake ukawa wa miezi 10 au karibu na hapo. Ikiachwa peke yake itapotea, kwa hiyo lazima irekebishwe kila mwaka, na kinachoirekebisha ni mabadiliko ya mwanga ambayo ndege hukutana nayo akienda na kurudi. Taimyr, mwezi wa Juni, jua halitui kabisa. Kitwitwi aliyepita chini ya jua lile anarudi pwani yetu na saa iliyowekwa sawa, kisha anakaa nayo miezi yote ya kaskazi, akila konokono wadogo na minyoo ya Mida huku akihesabu siku za Siberia.

Kazi ya saa hiyo inaonekana wazi ukiwa na picha. Mwezi wa Aprili nilijiunga na kikundi kidogo kilichoongozwa na kijana wa hapo hapo anayewajua ndege wa hori lile kwa mlio. Jambo la kwanza aliloangalia kabla ya kupanga saa ya kutoka lilikuwa jedwali la maji kupwa na kujaa. Wakati wa maji mafu, yaani yasiyojaa sana, alisema, ndege hutawanyika mbali na picha zote huwa za madoa. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, maji yakianza kujaa huwafukuza kutoka tope moja hadi jingine mpaka wanasongamana mbele ya kibanda cha kuangalilia, mwisho wa lile daraja la kamba linalopita juu ya mikoko. (Kiingilio cha daraja hilo husaidia kulipia karo za watoto wa sekondari wanaoishi kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Toeni bila kulalamika.)

Nilimlenga yule ambaye nitamwita kitwitwi mdomo-upinde, Calidris ferruginea, kwa kuwa ndiye anayebadilika waziwazi kuliko wote. Ukiikuza picha yake ya wiki ya kwanza ya Aprili, utaona kifua si chekundu safi. Kinaonekana kama kimepakwa vumbi. Kila nyoya jipya lina ncha nyeupe nyembamba, na chini ya ncha hiyo ndipo rangi ya tofali ilipo. Kadiri siku zinavyopita ncha hizo hulika kwa upepo, mchanga na maji, na wekundu hujitokeza bila ndege kuota nyoya jingine. Ndiyo maana picha ya Aprili mosi na ya Mei mosi za ndege yule yule zinaweza kukufanya ufikiri ni aina mbili tofauti.

Nyoya likishakomaa limekufa, kama ukucha. Haliwezi kubadilika kutoka kijivu kuwa jekundu. Lazima lile la zamani ling'oke na jipya liote. Kwa hiyo wekundu unaouona Aprili ulianza kutengenezwa wiki kadhaa nyuma, ndege akiwa bado chini ya jua kali la kaskazi. Manyoya ya mabawa hayaguswi wakati huu. Hayo wakubwa walikwisha kuyabadilisha mapema, walipokuwa wametulia huku pwani, maana hakuna msafiri anayeng'oa mabawa siku ya safari. Rangi yenyewe ni melanini, ambayo mwili huitengeneza wenyewe. Heroe ni kinyume chake: waridi wake hutoka kwenye chakula, na akikosa chakula hicho hupauka.

Ndani ya mwili mambo ni makubwa kuliko ya nje. Kitwitwi mdomo-upinde ambaye Januari ana uzito wa gramu 50 na ushei, kabla ya kuondoka anaweza kupita gramu 80. Karibu nyongeza yote ni mafuta, na hayo ndiyo petroli yake. Katika picha za mwisho wa Aprili utamtambua aliyeiva kwa safari kwa kumwangalia nyuma ya miguu: tumbo limening'inia, na mwendo wake topeni umekuwa mzito. Kwa ndege wa jamii hii waliochunguzwa, wataalamu wamegundua kwamba siku za mwisho kabla ya kuruka masafa marefu viungo vya kusagia chakula hunywea, na misuli ya kifua ikanenepa. Tumbo lisilotumika angani ni mzigo tu. Uwezo wa miili hii haukadiriki kirahisi: Oktoba 2022 ndege mchanga wa jamii ya Limosa lapponica, ambayo nayo huonekana pwani yetu, aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania, kilomita 13,560 kwa siku 11, bila kutua popote.

Wa kwetu hawalazimiki kufanya hivyo. Wengi hupumzika njiani, Mashariki ya Kati na eneo la Bahari ya Kaspi, na huko ndiko mchana unaorefuka unapoanza kuwapa habari za kweli.

Hawaondoki wote kwa pamoja, na utaratibu wao una mantiki. Yule mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene wa kuvunjia kaa, mlakaa, Dromas ardeola, hutangulia. Haendi Siberia. Anakwenda kwenye visiwa na fukwe za Ghuba, Oman na Bahari ya Shamu, ambako huchimba shimo mchangani na kutaga yai moja jeupe. Ndiye pekee miongoni mwa ndege hawa wa pwani anayefanya hivyo, na joto la mchanga humsaidia kulilinda yai. Vitwitwi wa majangwa ya Asia ya Kati nao huwahi, kwani kwao theluji huondoka mapema. Wa mwisho ni wale wa kaskazini kabisa, ambao wakiwahi hawatakuta kitu. Wengi husubiri mpaka mwisho wa Aprili au mwanzo wa Mei, maleleji yakiwa yamepita na kusi imeshika. Upepo huo unaowasukuma kutoka nyuma ndio uliokuwa ukiyarudisha majahazi Uarabuni.

Siku yenyewe ya kuondoka unaweza kuitambua ukiwa na subira. Alasiri, kundi dogo linaanza kupiga kelele kuliko kawaida. Wanaoga, wanajipanga manyoya, wanaruka, wanazunguka, wanatua tena. Kisha kabla jua halijatua wanapaa, safari hii wakiendelea kupanda, wanajipanga mstari mlegevu na kuelekea kaskazini. Wachache hukata shauri la mwisho na kurudi topeni. Kamera haina kazi kubwa hapo, maana picha itakuwa vidoti tu angani. Kiongozi wetu alituambia tuweke kamera chini tusikilize.

Na wale unaowakuta Mida mwezi wa Juni, wangali wa kijivu? Watu hudhani ni wagonjwa. Wengi ni vijana wa mwaka wa kwanza. Aina nyingi za ndege hawa hazizai zikiwa na mwaka mmoja, kwa hiyo kijana hana cha kufuata Siberia isipokuwa hatari. Anabaki pwani akila, manyoya yake hayapati wekundu kamili, na kundi la Juni linakuwa kama bweni la shule wakati wa likizo. Ukihesabu vijana hao unapata pia habari za Taimyr. Kule kuna panya wadogo wa theluji ambao idadi yao hupanda na kushuka kila baada ya miaka michache. Wakiwa wengi, mbweha hula panya. Wakiadimika, mbweha hugeukia mayai na makinda ya vitwitwi, na msimu unaofuata pwani ya Afrika hupokea vijana wachache sana. Hapo ndipo picha za mtalii wa kawaida zinapopata thamani, hasa zikiwa na tarehe na zikionyesha miguu. Baadhi ya ndege wa Mida wamevishwa pete zenye namba na watafiti, na namba inayosomeka pichani ni taarifa kamili ya ndege mmoja. Habari hizo zinahitajika: mwaka 2024 kitwitwi mdomo-upinde aliingizwa katika daraja la “Vulnerable”, mojawapo ya madaraja ya viumbe walio hatarini kutoweka, kwenye orodha ya IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi, pamoja na yule mkubwa anayekuwa mweusi tumboni mwezi wa Aprili, Pluvialis squatarola.

Kuanzia mwisho wa Julai na mwezi wa Agosti wanaanza kurejea, wekundu umechujuka na kuraruka. Kwa kitwitwi mdomo-upinde hutangulia madume, ambao huwaachia majike kazi yote ya kuatamia na kulea, kisha majike wenyewe. Makinda huja nyuma kabisa, Septemba na Oktoba, wazazi wao wakiwa wamekwisha ondoka Siberia kabla yao. Kitwitwi wa miezi mitatu anayetua Mida hajawahi kuiona Afrika, na wengi wao huja bila mkubwa wa kuwaonyesha njia. Mwelekeo anao ndani, pamoja na saa ile ile, iliyowekwa na jua la kule alikoanguliwa. Aprili ya kwanza itampita akiwa kijivu.