Saratani ya kongosho: ugonjwa wa miaka mingi unaoonekana kwa miezi michache

Waliofiwa na mtu kwa saratani ya kongosho husimulia mambo yanayofanana mno. Mgonjwa alilalamika tumbo, akapewa dawa za vidonda vya tumbo. Akaanza kupungua, na kuna waliomsifu kwamba amependeza. Mgongo ukauma, ukasingiziwa kazi au uzee. Halafu siku moja macho yakawa manjano, akapimwa, na kati ya siku ya majibu na siku ya mazishi haikupita hata miezi sita. Wanaobaki hubaki na swali moja: sisi tulikuwa wapi?

Jibu linaanzia kwenye kiungo chenyewe. Kongosho ni tezi laini, bapa, yenye urefu wa kama sentimita 15, iliyolala nyuma ya mfuko wa chakula, karibu kabisa na uti wa mgongo. Kichwa chake kimezungukwa na mwanzo wa utumbo mdogo, mkia wake unaelekea kwenye wengu. Hutengeneza maji yenye vimeng'enya vya kusaga chakula, ambayo hupita kwenye mirija midogo hadi utumboni, na pia humwaga homoni kwenye damu, insulini ikiwa mojawapo.

Kazi hizo mbili ndizo zinazozaa aina mbili za saratani, na watu huzichanganya sana. Kati ya wagonjwa 10, takriban 9 wana ile inayoanzia kwenye ngozi ya ndani ya mirija. Hiyo ndiyo kali. Nyingine huanzia kwenye seli za homoni, na kwa kawaida huenda polepole zaidi. Steve Jobs alikuwa na hii ya pili: iligunduliwa mwaka 2003, akafariki Oktoba 2011. Mwigizaji Patrick Swayze alikuwa na ile ya kwanza: aliambiwa mwanzoni mwa 2008, akafariki Septemba 2009. Kwa hiyo ukisikia kwamba fulani aliishi miaka minane na saratani ya kongosho, uliza kwanza ni ipi, usije ukamlaumu marehemu wako kwamba hakupigana vya kutosha.

Kuanzia hapa nazungumzia ile ya mirija.

Kongosho liko ndani mno. Daktari akibonyeza tumbo hawezi kuugusa uvimbe ukiwa bado mdogo, na mgonjwa hahisi kitu. Ukianzia kichwani mwa kongosho, huenda ukabana mrija wa nyongo. Nyongo ikikosa njia, hurudi kwenye damu. Hapo macho na ngozi huwa manjano, mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi, choo kinapauka, na mwili unawasha. Anayepata manjano mapema namna hiyo, ajabu ni kwamba mara nyingine ndiye mwenye bahati, kwa kuwa ugonjwa umejitangaza. Uvimbe wa mkiani hauna mrija wa kubana. Hukua kwa nafasi yake. Dalili nyingine ambayo hupita bila kutiliwa shaka ni kisukari kinachomwanza ghafla mtu mzima ambaye wakati huohuo anapungua uzito. Wengi wenye kisukari kipya hawana saratani, lakini mambo hayo mawili yakija pamoja yanastahili kuulizwa.

Matokeo yake ni kwamba kati ya wagonjwa 100, ni 15 hadi 20 tu wanaogunduliwa wakati upasuaji bado unawezekana. Makadirio ya dunia nzima ya mwaka 2022 yalihesabu wagonjwa wapya wapatao 511,000 na vifo vipatavyo 467,000. Ukaribu wa tarakimu hizo mbili unatosha kueleza ukali wake.

Na bado haukuanza jana. Mwaka 2010 watafiti walichunguza jeni za uvimbe wa wagonjwa waliokwisha kufariki, wakarudi nyuma kuhesabu mabadiliko yalivyopangana, kama mtu anavyosoma umri wa mti kwenye pete zake. Wakakadiria kwamba tangu seli ya kwanza iharibike hadi saratani yenyewe kuzaliwa hupita zaidi ya miaka 10, kisha mingine kama mitano au zaidi kabla haijapata uwezo wa kusambaa. Familia inayodhani ilichelewa kwa miezi miwili ilikuwa inaishi na kitu kilichojificha kwa zaidi ya mwongo mzima, kitu ambacho hata madaktari hawana kipimo cha kukitafutia kwa kila mtu asiye na dalili. Kipimo cha damu cha CA 19-9 hupanda hata kwa magonjwa mengine, na kwa wengine hakipandi kabisa. Ule msemo wa majuto ni mjukuu sidhani kama unawahusu wafiwa hawa. Hujutia jambo aliyekuwa na nafasi ya kulijua.

Lakini muda huohuo mrefu ndio unaowapa watafiti hamu: kuna miaka mingi ya kuukamata ugonjwa huu, ikiwa tu patapatikana namna ya kuuona.

Tiba nayo imekuwa ikisogea kwa hatua za konokono. Upasuaji mkubwa wa kuondoa kichwa cha kongosho unaitwa Whipple, kwa jina la daktari wa Marekani aliyeueleza mwaka 1935. Gemsitabini, dawa ya kemo (yaani ya kuua seli za saratani), iliidhinishwa 1996. Mwaka 2011 mchanganyiko wa dawa kadhaa uitwao FOLFIRINOX, kwa wagonjwa ambao saratani imeshasambaa, ulifanya nusu yao waishi zaidi ya miezi 11, dhidi ya miezi 7 isiyotimia kwa gemsitabini pekee. Nasema nusu kwa makusudi. Daktari akitaja miezi 11 hampangii mtu siku yake ya kufa. Anataja mahali ambapo kundi linagawanyika katikati, na kila upande wa mgawanyiko huo una watu wengi. Huko Marekani, wanaofikisha miaka mitano sasa ni kama 13 kati ya 100, hatua zote za ugonjwa zikihesabiwa pamoja. Katikati ya miaka ya 1970 walikuwa 3.

Matumaini mapya yanatoka pande mbili. Ya kwanza ni jeni iitwayo KRAS. Kwa kawaida protini yake huwaka na kuzimika, ikiiambia seli lini igawanyike. Katika zaidi ya asilimia 90 ya saratani hizi imeharibika na kukwama ikiwa imewaka. Hilo limejulikana kwa miongo, ila protini yenyewe ni laini kama kokoto ya mtoni, haina mahali dawa ingeshika, mpaka wanasayansi wakakata tamaa nayo. Mwaka 2013 maabara ya Kevan Shokat huko California iligundua kijishimo kwenye aina moja ya KRAS, na 2021 dawa ya kwanza ikaidhinishwa, kwa saratani ya mapafu. Kwa bahati mbaya aina hiyo ni nadra kwenye kongosho. Ndipo zikaja dawa zinazolenga aina nyingi kwa pamoja, kama daraxonrasib, kidonge ambacho kimefika hatua ya 3 ya majaribio, ile ya kuilinganisha dawa mpya na kemo iliyozoeleka.

Ya pili ni chanjo, si ya kuzuia bali ya kutibu. Katika hospitali ya Memorial Sloan Kettering, New York, wagonjwa 16 waliokwisha kupasuliwa walitengenezewa kila mmoja chanjo yake ya mRNA (maelekezo ambayo seli huyasoma ili kutengeneza protini) kutokana na uvimbe wake mwenyewe, ili askari wa mwili wajifunze sura ya adui. Walipewa pia kemo na dawa ya kuamsha kinga. Miili ya 8 iliitikia. Baada ya miaka mitatu hivi, kati ya hao 8 ugonjwa ulikuwa umewarudia 2. Kati ya 8 ambao hawakuitikia, ulikuwa umewarudia 7. Ni habari ya kusisimua, lakini watu 16 ni wachache, wote walikuwa wale wachache waliowahi upasuaji, na huenda walioitikia walikuwa na kinga imara tangu awali. Majaribio makubwa zaidi ndiyo yatakayoamua.

Wazo la kuifundisha kinga lina historia yake ya uchungu. Ralph Steinman, aliyegundua seli zinazofundisha kinga, alipata saratani ya kongosho mwaka 2007, akajaribu juu ya mwili wake tiba zilizotokana na ugunduzi wake huo, pamoja na kemo. Aliishi miaka minne na nusu. Alifariki tarehe 30 Septemba 2011, na siku tatu baadaye kamati ya Nobel, bila kujua, ikamtangaza mshindi. Iliamua tuzo ibaki yake. Ni kipi kilichompa miaka ile? Mgonjwa mmoja hawezi kutuambia.

Kwa aliyefiwa, kuna jambo ambalo halihitaji kungoja maabara. Takriban mgonjwa 1 kati ya 10 hupata saratani hii kwa sababu ya kurithi, mara nyingine kupitia jeni zilezile za BRCA zinazohusishwa na saratani ya matiti na ya ovari. Mwenye ndugu wa damu wawili waliougua, au mwenye jeni ya namna hiyo, anaweza kufuatiliwa kila mwaka kwa MRI (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku) au kwa ultrasaundi ya kupitishwa kooni. Andikeni marehemu aliugua akiwa na umri gani, ni wa upande upi wa ukoo, na ni nani mwingine katika ukoo huo aliyewahi kuwa na saratani, na ya wapi. Hayo ndiyo daktari atakayoyauliza kwanza.