Kushirikisha hadhira katika hotuba ya mahafali: maana yake nini?

Kushirikisha hadhira ni kuwapa wasikilizaji kazi ndani ya hotuba yako: kujibu, kukumbuka, kutazama, hata kunyamaza pamoja. Wengi hudhani ni kuchangamsha ukumbi tu. Ukipaza sauti "Kidato cha nne hoyee!" utaitikiwa kwa mazoea, lakini bado hujawauliza chochote.

Mbinu hii tunayo tangu zamani. Mtambaji hasimulii hadi aitikiwe: "Paukwa!" "Pakawa!" Vitendawili ndivyo vinanipendeza zaidi. Sema "Kitendawili!" uone turubai zima litakavyojibu "Tega!", bibi na mjukuu wake. Kisha tega: "Nyumba yangu haina mlango." Watapiga kelele, "Yai!" Hapo wakumbushe kwamba kifaranga hulipasua ganda mwenyewe, kwa ndani. Wahitimu wameshakuelewa, na jibu wamelitoa wao.

Ugumu wa mahafali ni kwamba hadhira si moja. Tanzania, mahafali ya kidato cha nne kwa kawaida hufanyika kabla ya mtihani wa taifa wa Novemba, kwa hiyo nusu ya mawazo ya wahitimu iko kwenye mtihani. Risala yao humwelekea mgeni rasmi: maabara haijaisha, mabweni hayatoshi, maji ni shida. Ni haki yao kuyasema. Lakini mama aliyelipa ada miaka minne na kufika tangu asubuhi anaweza kuondoka bila kusikia neno lililomlenga yeye, na hilo huniuma kila mara. Ikiwa wahitimu wameketi mbele na wazazi nyuma, waambie: "Geukeni, mtazameni aliyewafikisha hapa." Kisha nyamaza. Usikijaze kimya hicho kwa maneno. Vigelegele vitakuja vyenyewe.

Si lazima watu wapaze sauti ndipo wawe wameshiriki. Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya kompyuta ya Apple, akihutubia wahitimu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, tarehe 12 Juni 2005, alisoma kutoka kwenye karatasi, ila alitangaza mapema kwamba angesimulia visa vitatu tu vya maisha yake. Tangu hapo kila msikilizaji alikuwa akihesabu naye.

Ukiuliza swali, liwe na jibu la kweli. "Mko tayari?" huitikiwa "Ndiyo" na hata aliyesinzia. "Nani anakumbuka siku ya kwanza alipoingia geti lile?" huinua mikono. Chagua mkono mmoja, umpelekee kipaza sauti.