Mkasa wa Altmark, 1940: uokoaji wa wafungwa katika maji ya nchi isiyopigana

Usiku wa tarehe 16 Februari 1940, manowari ya Uingereza HMS Cossack iliingia Jøssingfjord, mkono mwembamba wa bahari kusini-magharibi mwa Norwei, ikawatoa mabaharia 299 waliofungiwa ndani ya meli ya Ujerumani, Altmark. Norwei haikuwa vitani, na mzozo wote ulianzia hapo.

Mabaharia hao walitoka katika meli za biashara zilizozamishwa na manowari ya Ujerumani Admiral Graf Spee, iliyowinda Atlantiki hadi Bahari ya Hindi. Novemba 1939 ilizamisha meli ya mafuta Africa Shell karibu na pwani ya Msumbiji. Altmark ndiyo iliyoipelekea mafuta na kuwapokea mateka.

Mkataba wa 13 wa The Hague wa 1907, kifungu cha 2, unakataza tendo lolote la uhasama katika maji ya nchi isiyopigana. Kifungu cha 10 kinaruhusu manowari kupita tu. Lakini kupita ni umbali gani, au saa ngapi? Mkataba haukusema. Altmark iliingia maji ya Norwei karibu na Trondheim tarehe 14, ikateremka kusini ikiambaa na pwani kwa siku mbili. Kwa Waingereza, huko kulikuwa kujificha.

Wanorwei waliipanda meli hiyo zaidi ya mara moja, lakini hawakufungua ngama, yaani vyumba vya shehena chini ya sitaha, walimokuwamo wafungwa. Walishikilia kwamba meli ya serikali ya kigeni haipekuliwi. Hoja hiyo ina uzito, ila kifungu cha 25 kinaitaka nchi isiyopigana ifanye uangalizi kwa kadiri ya uwezo wake, na kukagua sitaha peke yake hakutoshi.

Kapteni Philip Vian, aliyewaongoza Waingereza, alipendekeza kwanza Altmark isindikizwe na Waingereza na Wanorwei pamoja hadi bandari ya Bergen ikakaguliwe. Wanorwei wakakataa. Cossack iliposogea, Altmark ilijaribu kuigonga, tezi yake, yaani sehemu ya nyuma, ikakwama, na Waingereza wakarukia sitahani. Wajerumani kadhaa waliuawa. Norwei ililalamika rasmi.

Mwongozo wa San Remo wa 1994 kuhusu sheria ya vita vya baharini, ambao si mkataba, unaweka masharti: nchi isiyopigana ijulishwe kwanza na ipewe muda wa kutosha kukomesha ukiukaji, ikishindwa, nguvu itumike pale tu ambapo tishio ni kubwa, liko karibu, na hakuna njia nyingine. Vian aliwajulisha Wanorwei. Lakini mabaharia waliofungiwa ngamani hawakuwa tishio kwa usalama wa Uingereza, na kwa kipimo hicho uvamizi wake usingepita.