Je, wajua kwa nini Uingereza iliondoa usiri wa wanaochangia mbegu na mayai ya uzazi?

Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani aliyetungwa nje ya mwili wa mama, alipozaliwa Oldham, Uingereza, mwezi Julai 1978, wengi walihofia afya yake. Alikua salama, akaolewa na kuzaa. Swali zito zaidi liliwahusu watoto waliotungwa kwa mbegu au yai la mtu wa tatu: je, waelezwe asili yao?

Kwa miaka mingi madaktari waliwashauri wazazi wanyamaze. Ilisemwa kwamba siri humlinda mtoto, ingawa kwa maoni yangu iliwasitiri zaidi watu wazima, yaani mume aliyeogopa kuitwa mgumba na mchangiaji aliyeogopa kudaiwa matunzo. Sweden ndiyo iliyotangulia kuivunja, kwa sheria ya mwaka 1984 iliyompa mtoto aliyekomaa vya kutosha haki ya kumjua mchangiaji. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 nao ukatamka, katika ibara ya 7, kwamba mtoto ana haki ya kuwajua wazazi wake kadiri iwezekanavyo.

Uingereza ilifuata tarehe 1 Aprili 2005, baada ya baadhi ya watoto hao, sasa wakiwa watu wazima, kudai wajue walikotoka na magonjwa yanayorithiwa katika ukoo wao. Aliyejiandikisha kuchangia tangu siku hiyo hana wajibu wa matunzo wala si mzazi kisheria, lakini mtoto akifikisha miaka 18 anaweza kupewa jina lake na anwani yake ya mwisho inayojulikana. Utafiti wa Susan Golombok wa Chuo Kikuu cha Cambridge, uliozifuatilia familia za aina hiyo tangu watoto wakiwa wachanga hadi miaka 20, uliwakuta vijana hao wakiwa na hali njema kama wenzao, na walioambiwa kabla ya miaka 7 walikuwa na uhusiano mzuri zaidi na mama zao.

Hata hivyo, sheria haimlazimishi mzazi kusema, na cheti cha kuzaliwa hakimtaji mchangiaji, kwa hiyo asiyeambiwa hawezi kuidai haki asiyojua kuwa anayo. Kwa waliotungwa kabla ya Agosti 1991, ambapo hapakuwa na rejista ya taifa, tegemeo kubwa limebaki kuwa vipimo vya vinasaba vinavyouzwa kwa njia ya posta, navyo mara nyingine humfichulia mtu siri ambayo hakuwa akiitafuta.