Uholanzi haikuwa ufalme tangu enzi na enzi

Watu wengi wanaamini Uholanzi imekuwa na wafalme tangu zamani, labda sababu ya zile jezi za rangi ya chungwa, rangi ya Orange, ukoo wa kifalme wa huko, na jina lenyewe limetoka kwenye mji mmoja kusini mwa Ufaransa, sasa ajabu hiyo. Ukweli ni kwamba wale jamaa walikaa bila mfalme zaidi ya miaka 200.

Mwaka 1581 walimkana Philip II, mfalme wa Hispania aliyekuwa anawatawala, wakasema mtawala anayewatesa raia wake hafai kutiiwa. Lakini hata hapo hawakuwa na mpango wa jamhuri bana, walihangaika kutafuta bosi mwingine, wakamchukua mwanamfalme wa Ufaransa akawaharibia, wakambembeleza Elizabeth I wa Uingereza akakataa kuwa malkia wao, akawatumia Leicester, mkubwa mmoja wa Kiingereza, awaongoze, naye akaboronga akaondoka, basi kufika 1588 wakaamua kujiendesha wenyewe, mikoa saba. Jamhuri ya kubahatisha hivi!

Na hao kina Orange? Walikuwa stadhauda, kama gavana na mkuu wa jeshi, mikoa ndo inawateua. Holland, mmoja wa ile mikoa saba, ilikaa bila stadhauda kabisa kuanzia 1650 mpaka 1672, enzi za Johan de Witt, kiongozi wa kisiasa wa huko, ambaye aliishia kuuawa na umati pale The Hague.

Mfalme wa kwanza alikuja 1806 na hakuwa hata Mholanzi, alikuwa Louis, mdogo wake Napoleon. Ukoo wa Orange ukapata taji 1815 tu.