"Wa kwanza" katika nini? Msikiti wa Cedar Rapids kwa mara ya mwisho

Mjomba wangu wa Tanga ameniletea tena ile picha ya msikiti wa Cedar Rapids, jimbo la Iowa, Marekani. Nyumba nyeupe, kuba dogo juu ya mlango, nyumba za kawaida za mtaani pembeni, na maandishi mekundu yamekanyagia anga: MSIKITI WA KWANZA MAREKANI. SAMBAZA. Ni mara ya nne mwaka huu. Mjomba simlaumu, yeye husambaza kila kitu, hata dawa ya kisukari ya majani ya mpera. Ninaowalaumu ni sisi tunaokula kwa majengo haya. Wageni wakija tunawapeleka pale, tunasema "wa kwanza" kwa kuwa neno ni fupi, halafu tunakwenda zetu kula.

Kazi yangu ni hifadhi ya majengo ya ibada, na ninakoishi ni huku huku Iowa. Napanda darini, nachungulia unyevu wa msingi, nachomachoma mbao kwa bisibisi kujua zimeoza hadi wapi, kisha naandika ripoti ambayo kamati ya jengo itaisoma ukurasa wa gharama tu. Katika ripoti neno "wa kwanza" haliruhusiwi kutembea peke yake. Lazima liwe na mkia.

Mkia wa msikiti wa Cedar Rapids ni huu: ni jengo kongwe kuliko yote *yaliyosimama hadi leo* nchini Marekani kati ya yale *yaliyojengwa tangu msingi yawe misikiti*. Lilikamilika mwaka 1934. Maneno hayo marefu si mapambo.

Ondoa "yaliyosimama hadi leo" uone. Ross, huko North Dakota, wakulima waliotoka Siria ya wakati ule walijenga msikiti mwaka 1929, nusu yake ikiwa chini ya ardhi. Ulibomolewa miaka ya 1970, na mwaka 2005 ukajengwa mwingine mdogo hapo hapo. Rudi nyuma zaidi: Highland Park, Michigan, 1921, ulijengwa msikiti hasa, ukafungwa kabla haujazoeleka. Kwa hiyo kwa kuhesabu vidole tu, Cedar Rapids haikuwa ya kwanza hata siku ilipofunguliwa.

Sasa ondoa "yaliyojengwa tangu msingi". Hapo ndipo unapoteza hesabu kabisa. Waislamu wa Cedar Rapids wenyewe walikuwa wakisali katika jengo la kupanga tangu miaka ya 1920. Kwenye maonyesho makubwa ya Chicago ya 1893 palijengwa mtaa mzima wa Kairo ya kuigiza, pamoja na msikiti, na adhana ikasomwa. Je, ule ulikuwa msikiti au pambo la maonyesho? Na kabla ya yote hayo walikuwapo Waislamu wa Afrika Magharibi waliovushwa bahari kwa minyororo. Omar ibn Said, mzaliwa wa Futa Toro, aliandika habari za maisha yake kwa Kiarabu mwaka 1831 akiwa mtumwa North Carolina. Watu kama yeye hawakuachiwa hata ukuta mmoja ambao mimi ningeweza kuuchoma kwa bisibisi. Ukisema "msikiti wa kwanza" bila mkia, hao ndio unaowafuta.

Sisi wa pwani, jamani, hili tulipaswa kuwa walimu wake. Kizimkazi kuna maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, na mgeni huambiwa anauangalia msikiti wa miaka mia tisa. Maandishi, ndiyo. Kuta nyingi anazoziangalia ni za karne ya 18.

Basi, hilo la umri limekwisha. Linaloniudhi zaidi ni jina. Watu wanadhani jengo hili lilizaliwa likiitwa Msikiti Mama, kama linavyoitwa siku hizi. Halikuitwa hivyo. Mwaka 1996 lilipoingizwa katika Orodha ya Kitaifa ya Mahali pa Kihistoria, liliandikwa *Moslem Temple*, Hekalu la Waislamu. Hekalu! Na chama cha wale wafanyabiashara wa Kiarabu waliolijenga kiliitwa *Rose of Fraternity Lodge*, jina ambalo ukilisikia bila kuambiwa utadhani ni klabu ya wazee wa kucheza karata. Huo si ujinga wao. Walikuwa wachuuzi waliozunguka mashambani na mabegi ya vitambaa mpaka wakafungua maduka. Walijua majirani zao wanaelewa "hekalu" na "chama", na hawaelewi neno "masjid". Walijieleza kwa maneno ya mji. "Mama" ni cheo cha baadaye, jengo lilipokwisha kuwa na historia ya kujivunia. Mtu haitwi bibi siku anayozaliwa.

Na hapa namjibu pia yule anayesema, kila mara kwa sauti ya kunong'ona, kwamba lilijengwa kama nyumba ya kawaida "kwa sababu waliogopa". Huenda woga ulikuwapo, sikatai. Lakini fikiria kama fundi. Ni miaka ya Mdororo Mkuu wa uchumi, pesa hakuna. Seremala wa Iowa anajua kujenga vitu vitatu: ghala la shamba, shule ya kijijini, na kanisa dogo lenye ukumbi chini. Umempa kazi, atakupa mojawapo. Ukumbi wa chini wenye jiko, mahali akina mama wanapopika chakula cha kuchangisha fedha, haukutoka Damascus. Ni mtindo wa makanisa ya hapa, na msikiti ukauchukua kwa sababu unafaa. Hapa baridi ya Januari haikupi nafasi ya kula uani. Waarabu Wakristo wa mji huu huu walikuwa na kanisa lao la Kiorthodoksi la Mtakatifu George, kwa hiyo hata suala la "Mwarabu anajengaje nyumba ya ibada Iowa" halikuanzia mwaka 1934.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wenzangu hawapendi nilitaje. Mwaka 1971 jumuiya ilikuwa imekua, ikajenga kituo kipya kikubwa. Jengo la zamani likauzwa. Kwa karibu miaka ishirini lilipita mikono mingine: lilikuwa kituo cha vijana, likawa kanisa la Kipentekoste, likaachwa lichakae. Mwaka 1990 Waislamu walilinunua tena na kulitengeneza.

Kwa hiyo, "kongwe kuliko yote" kwa hesabu ya nani? Sisi wahifadhi tuna vigezo saba vya kupima kama jengo bado ni lile lile: mahali, usanifu, mazingira, vifaa, ufundi, hisia, na uhusiano wake na historia. Sita vya mwanzo napita bila shida, au karibu. Cha saba kinanikwama. Jengo lililoimbiwa mapambio ya Kipentekoste bado ni msikiti? Nikiwa kazini nasema ndiyo, kwa sababu ile Orodha ya Kitaifa haiangalii nani anasali. Kwa kawaida hata haipokei nyumba za ibada, isipokuwa umuhimu wake uwe wa usanifu, sanaa au historia. Nikiwa nyumbani nakumbuka darasa la utotoni la fiqhi, yaani sheria za dini: katika madhehebu yetu ya Shafii, kilichowekwa wakfu kuwa msikiti hakiuzwi, hata kikianguka. Kwa hesabu hiyo, ama halikuwa wakfu tangu mwanzo, ama halikuacha kuwa msikiti hata siku moja, mapambio au pasipo mapambio. Nimeligeuza swali hili miaka mingi na kila nikiamka nina jibu jingine. Kwenye ripoti huandika "matumizi yalikatizwa", napiga muhuri.

Mafuriko ya Juni 2008 yalipoingia mjini, maji yalijaa pale chini na kuharibu nyaraka zilizohifadhiwa huko. Ndio ubaya wa ukumbi wa chini, na kila ninapokwenda kukagua jengo lolote karibu na Mto Cedar neno langu la kwanza ni moja: pandisheni karatasi juu. Hawapandishi.

Nipite haraka mengine ambayo huunganishwa na picha ile ile. Mji huu una makaburi ya Waislamu ya tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, nayo pia huitwa "ya kwanza". Tafadhali wekeni mkia. Abdallah Igram, askari wa Vita Kuu ya Pili aliyetoka hapa, alimwandikia Rais Eisenhower mwaka 1953 akitaka Uislamu utambuliwe kwenye vibati vya shingoni vya wanajeshi. Hiyo ndiyo habari ningependa isambazwe kwa maandishi mekundu, lakini haina kuba. Na lile kanisa la Kimethodisti la St. Paul's, msione wivu, nalo lina uongo wake: kila mtu husema ni la Louis Sullivan, yule msanifu majengo mashuhuri. Alilichora, kamati ikataka bei ipungue, akajitoa, wengine wakabadilisha michoro, likafunguliwa 1914. Umbo la ukumbi ni lake. Mengine yote tunagombana.

Hiki ni kimji cha watu kama 137,000, na siku hizi ukisimama dukani utasikia Kiswahili cha Kongo na cha Burundi kwenye foleni. Wengine wao hunipigia kuuliza habari za kukodi jengo la kusalia: ukumbi wa kanisa saa za jioni, duka lililofungwa, ghorofa ya chini ya nyumba ya mtu. Nawaambia wahakikishe mlango wa pili wa dharura, na waweke risiti.

Jana usiku nikamwandikia mjomba. Shikamoo mjomba, nikaanza, kisha nikamweleza Ross, Michigan, Chicago, wakfu, vigezo saba, yote. Sauti yake ikarudi asubuhi, nyuma yake jogoo anawika: "Marahaba. Nimekuelewa vizuri sana. Sasa nikiandika 'mkongwe kuliko yote yaliyosimama hadi leo kati ya yale yaliyojengwa tangu msingi,' kwenye picha patabaki nafasi ya kuonekana msikiti?"